Kikao cha familia kisichogeuka kesi: mwongozo kamili, hatua kwa hatua

Malalamiko nayoletewa yanafanana sana. Tumemkalisha mtoto kitako, babu kamsema, baba mkubwa kamsema, mchungaji kaombea, mtoto kalia na kuomba msamaha, wiki haijaisha karudi palepale. Mnaita kikao kingine, safari hii mnaongeza shangazi kutoka Morogoro, matokeo yaleyale, mwisho mtu anasema huyu apelekwe kijijini akaone maisha yalivyo.

Mara nyingi mtoto wala sio sugu kiasi hicho. Shida ni kwamba mlichokiita kikao kilikuwa kesi, mshitakiwa mmoja mahakimu saba, na hukumu ilishatoka watu hawajakaa. Na mtoto mjanja anajua kesi inavyoisha: unainamisha kichwa, unasema nimekoma, unaachiwa.

Hapa naelekeza kikao cha aina nyingine. Mbinu zake zimetoka kwenye tiba ya familia, ile kazi ambayo mtaalamu hamkalii mtu mmoja, anaangalia yanayoendelea katikati ya watu wanaoishi pamoja, yaani huyu akifanya hivi yule anafanya nini. Ukimaliza kusoma hutakuwa mtaalamu, ila hizi nilizochagua zinafanyika sebuleni na hazihitaji cheti.

Nitatumia familia moja ya kutunga mwanzo mpaka mwisho ili tuelewane. Wanaishi Mbagala. Mtoto wa kiume, miaka 14, kidato cha kwanza, asubuhi anaaga anaenda shule anaishia kwenye kibanda cha PlayStation. Mama anauza chapati na supu, baba ni dereva wa malori ya Dar kwenda Lubumbashi, anaweza kukaa wiki tatu hayupo, bibi mzaa baba anaishi nao, na kuna binti wa miaka 9.

## Vitu vya kuandaa

- Muendeshaji mmoja. Asiwe mzazi mwenye malalamiko, asiwe bibi. Mama mdogo, mjomba, rafiki wa familia, jirani mwenye kifua, yeyote ambaye pande zote zinamsikiliza na hana deni na upande wowote.
- Karatasi ya manila au nyuma ya kalenda ya mwaka jana, na makapeni ya rangi mbili.
- Daftari dogo ambalo litabaki kwa muendeshaji.
- Mahali ambapo wote mnakaa kwa usawa. Wote mkekani au wote kwenye viti. Wakubwa kwenye makochi na mtoto peke yake chini, hapo mmeshafungua kesi.
- Saa moja, ikizidi sana saa moja na nusu. Wikiendi mchana watu wakishakula. Sio usiku mtu karudi kachoka, na sio siku matokeo ya mtihani yametoka.
- Bando kama kuna mzazi wa mbali. Familia nyingi sa hivi mama yuko Oman au Dubai kikazi, na huyo sio mgeni, lazima awepo kwa video.
- Namba 116 iwe kwenye simu yako. Sababu inafuata.

Ripoti ya shule usilete. Fimbo hata sisemi.

## Hatua ya 1: Hakikisha hili ni jambo la kukaliwa kikao

Kuna mambo hayakaliwi kikao. Mtoto anashikwashikwa au anabakwa, anapigwa mpaka anaumia, anasema anataka kufa au ameshajaribu kujidhuru, anasikia sauti ambazo wengine hawasikii, hayo yote toa kwenye mwongozo huu kabisa.

Sababu ni rahisi: kwenye kikao yule anayemuumiza yupo palepale, mtoto hawezi kusema mbele yake, na akisema atalipia usiku. "Tuyamalize kifamilia" imeharibu watoto wengi kuliko hata lile jambo lenyewe. Piga 116, ni simu ya msaada kwa mtoto, bure, inafanya kazi Tanzania na Kenya. Kwa Tanzania kuna Dawati la Jinsia na Watoto kwenye vituo vya polisi na kuna afisa ustawi wa jamii kwenye halmashauri. Na jirani asiseme hayanihusu, Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka mtu yeyote kwenye jamii mwenye taarifa kwamba haki ya mtoto inavunjwa aifikishe serikali ya mtaa.

Mtoto anayeongelea kujiua apelekwe hospitali siku hiyohiyo, na asiachwe peke yake njiani wala usiku.

Halafu kuna vitu vya mwili ambavyo watu wanaviruka. Mtoto anayechukia shule anaweza kuwa haoni ubao, au sikio moja halisikii, au kuna kundi la wakubwa linamnyang'anya nauli kila siku pale kituoni. Kapimeni macho, kaulizeni mwalimu wa darasa, mkishajua ndo mkae.

*Utajua umefaulu:* muendeshaji ameuliza waziwazi kuhusu usalama, ameuliza na mtoto pembeni, na hajapata jibu linalomtia wasiwasi. Kama ana wasiwasi hata kidogo, simama hapa.

## Hatua ya 2: Amua nani aje

Usiite ukoo. Jiulize maswali manne: nani anamlisha, nani anamtuma, nani anamchapa, nani anamficha. Majina yanayotoka hapo ndo ya kwenye kikao, na yakizidi saba punguza.

Dada wa kazi anayelala chumba kimoja na watoto anajua mengi kuliko baba mkubwa anayekuja Pasaka. Aje, lakini muulize kwanza kama yuko tayari, kwa sababu yeye ana kibarua cha kulinda na hatakuwa huru kusema mbele ya tajiri wake.

Kwenye mfano wetu: mama, bibi, mtoto, mdogo wake, na baba kwa simu akiwa amepaki gari mahali penye mtandao. Mama mdogo ndo anaendesha.

## Hatua ya 3: Mpitie kila mmoja peke yake kabla ya siku

Hii hatua watu wanairuka halafu wanashangaa kikao kimelipuka dakika ya tano. Salvador Minuchin, mzaliwa wa Argentina aliyefanya kazi na familia za kipato cha chini New York na Philadelphia, alisisitiza kwamba huwezi kubadilisha familia ambayo hujaingia ndani yake, ukae nao, uongee kama wanavyoongea, umheshimu anayeheshimiwa pale. Kwetu hiyo maana yake unaanza na mkubwa. Nenda kwa bibi, shikamoo, kaa, kunywa chai, sikiliza habari za miguu, ndo uulize.

Uliza maswali mawili tu, yaleyale kwa kila mtu: "Wewe unaonaje hali ya hapa nyumbani?" na "Ukipewa nafasi, ungetaka kitu gani kimoja kibadilike?" Usibishe, usirekebishe, andika.

Mtoto usimweke uso kwa uso kama polisi. Mtume dukani na wewe umsindikize, au muoshe vyombo pamoja, watoto wengi wa umri ule wanaongea vizuri mikono ikiwa na kazi na macho hayajakutana.

Onyo: usiahidi siri ambayo huwezi kutunza. Sema hivi: "Ukiniambia nitatunza, isipokuwa kama kuna mtu anakuumiza au unataka kujiumiza, hapo nitatafuta msaada na nitakwambia kabla sijafanya." Na pata ahadi ya kila mkubwa kwamba hakuna atakayeadhibiwa kwa alichosema kikaoni. Kama mama au baba anakataa kutoa ahadi hiyo, kikao hakipo.

*Utajua umefaulu:* una hadithi nne au tano za nyumba moja na hazifanani. Zikifanana zote neno kwa neno, ujue wameshapangana.

## Hatua ya 4: Chora ramani ya familia

Wataalamu wanaiita genogramu. Fanya mwenyewe nyumbani kwako kwa penseli kwanza kutokana na ulichosikia, manila ni ya siku ya kikao. Mwanaume ni mraba, mwanamke ni duara, umri unauandika ndani. Wenza unawaunga kwa mstari wa kulala, watoto wananing'inia chini yake kuanzia mkubwa kushoto. Aliyefariki piga alama ya X. Walioachana piga mikwaju miwili (//) kwenye mstari wao. Vizazi vitatu vinatosha: watoto, wazazi, mababu na mabibi.

Familia zetu hazikai vizuri kwenye michoro ya kwenye vitabu na usilazimishe. Mke wa pili anapata mstari wake kutoka kwa baba. Mtoto wa marehemu dada anayelelewa hapo mchore kwa mzazi wake halafu vuta mstari wa vinukta kumleta kwenye nyumba anayoishi. Baba mkubwa anayelipa ada muweke hata kama yuko Mwanza, maana anayelipa ada ana sauti hata asipoongea.

Ukimaliza watu, chora uhusiano kwa rangi ya pili:

- mistari miwili sambamba: wako karibu sana
- mstari wa kupindapinda: wanagombana
- mstari wa vinukta: wako mbalimbali, hawaongei sana

Sasa tafuta pembetatu. Murray Bowen, daktari wa akili wa Marekani, alieleza kwamba watu wawili wakiwa na joto kati yao ambalo hawawezi kulisema, wanamvuta wa tatu ili joto lipungue. Angalia Mbagala: mama na mama mkwe hawaelewani tangu siku nyingi, lakini mama hawezi kumjibu mama mkwe waziwazi, adabu haimruhusu, na mume hayupo wa kusawazisha. Basi ugomvi wao unapitia kwa mtoto. Mama akikaza, bibi analegeza, bibi akilegeza, mama anakaza zaidi, kumbe wanaongea wao kwa wao kupitia mgongo wa kijana wa miaka 14.

Ukichora hivi unaona mistari miwili ya karibu kutoka bibi kwenda kwa mjukuu, ya kupindapinda kutoka mama kwenda kwa mtoto, na vinukta virefu kwenda kwa baba. Mkubwa mmoja na mtoto wameungana dhidi ya mkubwa mwingine. Mpangilio huo Minuchin aliuona tena na tena na ukikaa muda mrefu mtoto anakuwa na nguvu ambayo sio ya umri wake, kwa sababu kila akikataliwa mlango huu anajua kuna mlango mwingine.

Onyo: ramani ya mistari ya uhusiano usiitoe mbele ya watu. Manila ya kikaoni iwe na majina na umri tu. Na kama umesikia siri, kwa mfano mtoto hajui kwamba baba anayemlea sio aliyemzaa, hiyo haiandikwi mahali popote na hautakuwa wewe wa kuisema.

## Hatua ya 5: Siku yenyewe, dakika kumi za mwanzo

Mkubwa afungue kwa dua au neno fupi. Kazi hiyo mpe kwa makusudi, na kazi ya kufunga pia, halafu mwambie kwa heshima kwamba katikati ni pako. Mzee asiyepewa nafasi yake ataichukua mwenyewe, na ataichukua kwa hotuba.

Kukaa: mama na simu ya baba waegemezwe pamoja, upande mmoja. Bibi akae pembeni ya mama, sio pembeni ya mjukuu. Usitangaze sababu, panga tu mkeka na uwakaribishe. Mtoto asikae katikati ya duara.

Kanuni ni tatu: anayeongea anamaliza, hakuna kurudia makosa ya zamani, na anayetaka kutoka kidogo apumue anatoka anarudi. Simu zote kimya isipokuwa ya baba.

Anza na manila. Wape watoto kapeni, waandike majina ya ukoo huku bibi anawatajia. Dakika tano za kubishana kama babu alizaliwa kabla au baada ya kaka yake zinafanya kazi kubwa kuliko hotuba yoyote, watu wanalegea na mtoto anaanza kuongea kitu ambacho sio kujitetea.

## Hatua ya 6: Litoe tatizo nje ya mtoto

Michael White wa Adelaide, Australia, aliandika kuhusu mbinu hii 1984 kutokana na watoto waliokuwa wanajichafua nguoni, na baadaye akaikuza pamoja na David Epston wa New Zealand. Badala ya mtoto kuitwa mchafu, familia nzima ilikipa kile kinyesi jina la utani kama ya mjanja anayevizia, halafu wote wakawa upande mmoja kupambana nacho.

Mwambie mtoto achague jina la hii shida, yeye mwenyewe. Kwenye mfano wetu akasema "Uvivu", mama mdogo akamuuliza ni uvivu kweli au ni kitu kingine, akafikiri akasema "Kuchoka na kelele". Basi kinaitwa Kelele. Halafu maswali:

- Kelele huwa inakuja saa ngapi?
- Ikija inakwambia nini kuhusu shule?
- Inamharibia nani mwingine hapa ndani?
- Ni siku gani ilikuja ukaishinda? Ulifanyaje?

Swali la mwisho ndo dhahabu, usilipite haraka. Hata mtoro ana siku alizoenda shule. Muulize ile Jumanne ilikuwaje, aliamkaje, alivaaje, alipita wapi ili asipite kwenye kibanda.

Onyo la kwetu: sehemu nyingi, hasa pwani, ukisema kuna kitu kinamjia mtoto watu wanasikia jini au pepo, na bibi anaweza kuanza kutaja mganga palepale. Kwa hiyo chagueni jina dogo la kawaida, la kuchekesha ikiwezekana, na useme wazi kwamba mnaongelea mazoea. Kama familia inaenda kwenye maombi au kwa shehe, usianzishe vita, sema tu hii kazi na ile zinaweza kwenda pamoja, ilimradi mtoto hafungwi, hachanjwi chale, hanyimwi chakula wala dawa.

Na wazazi wenye hofu watauliza, sasa si tunamtetea? Hapana. Akivunja kitu analipa kwa kazi, hilo halibadiliki. Kinachobadilika ni kwamba hasikii tena kwamba yeye mzima mzima ndo tatizo.

## Hatua ya 7: Maswali ya kuzunguka

Hapa ndo moyo wa kikao. Kundi la wataalamu wanne wa Milano, Italia, Mara Selvini Palazzoli na wenzake, walichapisha 1980 namna ya kumuuliza mtu mmoja kuhusu yanayopita kati ya wengine wawili. Usimuulize mtoto "kwa nini unatoroka". Kwa nini ni swali la mahakamani na jibu lake ni "sijui".

Anza na wakubwa, halafu wadogo. Inaweza kwenda hivi, mama mdogo akianza na bibi:

"Mama, shikamoo tena, nikuulize. Mjukuu asipoenda shule, nani anajua wa kwanza?"

Bibi kimya. Binti wa miaka 9 anadakia: "Bibi."

"Bibi akijua anafanyaje?"

"Anamwekea chakula. Anasema mama yako asijue, atakuua."

"Na mama akija kujua?"

"Anafoka. Anampigia baba."

"Baba anasemaje?"

"Anasema nikirudi utanitambua. Halafu akirudi anamletea viatu."

Hapo watacheka, hata baba kwenye simu, na mkishacheka chukua kapeni mchore duara pembeni ya manila: mtoto anatoroka, bibi anaficha, mama anagundua kwa kuchelewa anafoka, mtoto anaogopa kurudi mapema, bibi anamhurumia zaidi, mtoto anatoroka tena. Mishale inazunguka. Muulize kila mtu kama mchoro uko sawa au kuna pa kurekebisha.

Halafu sema lile ambalo wengi hawajawahi kuambiwa kwenye kikao: bibi anaficha kwa sababu anaogopa mtoto ataumizwa, mama anafoka kwa sababu anaogopa mtoto atapotea, na baba anatishia kwa sababu yuko Lubumbashi na hana kingine cha kufanya. Hakuna mwenye nia mbaya na bado duara linazunguka. Hii sio kupaka mafuta kwa mgongo wa chupa, isemee tu pale ambapo umesikia kweli hatua ya 3 kwamba ndivyo ilivyo.

Onyo: muendeshaji usipendelee. Ukiona umemuuliza mama maswali sita na bibi moja, umeshaegemea. Na mtu akianza kulia usimkimbize kunyamaza, mpe maji, subiri.

*Utajua umefaulu:* mtu mzima mmoja anaongelea mchango wake mwenyewe bila kusukumwa. "Kumbe na mimi nachelewa kuambiwa kwa sababu nafoka." Ukisikia sentensi ya namna hiyo, acha kuuliza. Nenda hatua inayofuata, usitafute ya pili.

## Hatua ya 8: Namba, halafu jambo moja dogo

Steve de Shazer na Insoo Kim Berg, waliofanya kazi Milwaukee, Marekani, walijenga mbinu nzima juu ya kuangalia kinachofanya kazi badala ya kuchimba kinachoharibika. Chombo chao rahisi ni namba kuanzia 0 mpaka 10. Sifuri ni hali mbaya kabisa iliyowahi kuwa hapo nyumbani, kumi ni vile mnavyotamani. Kila mtu ataje namba yake leo.

Mama akisema 3, usimuulize kwa nini sio 10. Muulize kwa nini sio 0, kuna nini kimeizuia isiwe sifuri. Halafu: ingekuwa 4, ungeona nini tofauti Jumatatu asubuhi? Lazima jibu liwe kitu kinachoonekana kwa macho. "Awe na adabu" halionekani. "Aamke saa kumi na mbili bila kuitwa mara tatu" linaonekana.

Makubaliano yawe na mistari isiyozidi mitatu, na kila mstari uwe wa mtu tofauti, asiwe mtoto peke yake. Kwa Mbagala:

- Mtoto ataenda shule Jumatatu, Jumanne na Jumatano, na atapita barabara ya nyuma isiyopita kibandani.
- Bibi akijua mtoto hajaenda, atamwambia mama jioni hiyohiyo. Mama hatafoka mbele ya bibi wala hatampiga mtoto, ataongea naye kesho yake.
- Baba atapiga simu Jumatano saa mbili usiku kuongea na mtoto habari nyingine zozote, shule haitajwi.

Ona bibi hakuondolewa. Amepewa kazi yenye heshima, yeye ndo mlinzi wa taarifa. Ukimwondoa bibi kwenye malezi ya nyumba anayoishi, makubaliano hayafiki Ijumaa.

Mama na bibi wakubaliane mambo yao wawili pembeni, watoto wakiwa nje. Mbele ya mtoto watoke na sauti moja. Bibi afunge kikao, watu wale kitu, na hakuna kurudia mada kwenye chakula.

## Hatua ya 9: Rudini baada ya wiki mbili

Nusu saa inatosha. Uliza namba tena. Uliza kwanza kilichofanyika, hata kidogo, nani alifanya, alifanyaje. Mambo yaliyokwama mwisho.

Mtoto atateleza, na kwa kawaida atateleza baada ya siku chache nzuri, waambieni wazazi hilo kabla halijatokea ili likitokea wasiseme si nilisema. Kuteleza mkutibu kwa kurudi kwenye duara: safari hii nani alifanya tofauti? Mara nyingi utakuta mtoto katoroka lakini bibi alisema, na mama hakufoka. Hiyo ni hatua hata kama kijana alishinda kibandani siku nzima.

Vikao vitatu au vinne bila namba kusogea kabisa, tafuteni mtaalamu. Anzeni kwa afisa ustawi wa jamii, au kitengo cha afya ya akili hospitali ya rufaa ya mkoa. Nendeni na daftari na ile ramani ya penseli, mtampunguzia kazi ya kuuliza mwanzo.

## Kama shida ni ya watoto wengi mtaani

Wakati mwingine sio nyumba moja. Mafuriko yamepita, mgodi umefunika watu, au kuna watoto wengi wanaolelewa na mabibi. Kwa hao kuna Mti wa Maisha, zoezi alilolianzisha Ncazelo Ncube wa Zimbabwe pamoja na David Denborough wa Australia kwa ajili ya watoto waliopoteza wazazi kwa UKIMWI. Linafanyika kwenye darasa la dini, madrasa au kikundi cha akina mama, watoto wanane mpaka kumi na mbili, karatasi na rangi tu.

Kila mtoto anachora mti. Mizizi: natoka wapi, nani alinifundisha, wimbo gani wa kwetu. Ardhi: maisha yangu ya kila siku. Shina: naweza nini. Matawi: matumaini. Majani: watu muhimu kwangu, walio hai na waliofariki. Matunda: nimepewa nini na wengine. Kisha karatasi zote zinabandikwa ukutani pamoja, zinakuwa msitu, watoto wanaandikiana maneno mazuri kwenye miti, na hapo tu ndo mnaongelea dhoruba zinazopiga misitu na wanyama wanavyojihami.

Huo mpangilio usiupindue. Ukianza na dhoruba, mtoto aliyefiwa anaongea akiwa peke yake na jeraha, na wewe sio mtaalamu wa kumrudisha. Akianza na mizizi na majani anakuwa na mahali pa kusimama. Mtoto asiyetaka kuongelea dhoruba aachwe, achore tu.

Kuwatumia watu wa kawaida wa mtaani kwenye kazi hii sio ndoto, Eldoret nchini Kenya programu ya Tuko Pamoja imewafundisha wanajamii wasio wataalamu kuzifanyia familia ushauri nyumbani kwao, wakiwa na msimamizi anayewafuatilia. Neno msimamizi hapo lishikeni. Mkitaka kuanzisha kitu kama hicho kwenye kata yenu, kabla hata ya kununua manila, kaongeeni na ustawi wa jamii mpate mtu wa kumpigia simu siku mtoto mmoja akisema jambo la hatua ya 1 katikati ya zoezi, kwa sababu kwenye kundi la watoto kumi hilo linaweza kutokea siku yoyote.